Viini Vinane, Uzi Mmoja

Kuanzia kivukoni Likoni hadi ndani Timbwani mabanda ya simu hayakosi, na siku hizi muuzaji haanzi na kamera. Mteja akishika simu tu anaambiwa, "Khalti, hiyo ni octa-core," na kidole kinaelekezwa kwenye boksi ambako neno hilo limepigwa chapa iliyokoza. Maana yake ni kwamba prosesa ya simu ina viini vinane, vitengo vinane vya kupiga hesabu ambavyo kila kimoja kinaweza kushughulika na lake kwa wakati mmoja. Namba ni ya kweli, muuzaji hadanganyi. Ila kazi ambayo khalti anainunulia simu, kufungua kurasa za mtandao, ni kazi ambayo sehemu yake nzito haigawanyiki kwa nane, na sehemu hiyo ndiyo inayomweka mtu akitazama kiduara kikizunguka huku viini vingi vimekaa tu.

Sitii chumvi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipima jinsi simu na tableti zinavyotumia viini vyake katika programu za kila siku, wakakuta kwamba kwa wastani programu hizo hazikutumia hata viini viwili kwa wakati mmoja. Tangu hapo vivinjari vimefanyiwa kazi kubwa, na tutaiona. Lakini boksi limekimbia kuliko kivinjari.

Ili programu itumie viini vingi, lazima igawe kazi yake katika nyuzi. Uzi ni mfululizo wa amri zinazotekelezwa moja baada ya nyingine. Mfumo wa simu, ambao kwetu karibu kila mara ni Android, hutazama nyuzi zilizo na kazi na kuzigawia viini. Nyuzi nane zenye kazi zinaweza kukalia viini vinane. Uzi mmoja wenye kazi unakalia kimoja, wala hakuna njia ya kuuazima nguvu za vile vingine, hata viwe mia.

Zamani suala hili halikuwepo. Opera Mini, iliyotolewa na kampuni ya Opera ya Norway mwaka 2005, ililikwepa kabisa: ukurasa ulifunguliwa kwenye seva za kampuni, programu zake zikaendeshwa hukohuko, kisha simu ikaletewa matokeo tu, yamebanwa yakawa mepesi. Nokia ya vitufe, isiyo na kiini cha kujivunia, ikasoma magazeti. Ulikuwa mpango mzuri kwa mwenye kuhesabu bando, mradi asiutake ukurasa ufanye lolote baada ya kufika. Kisha mwanzoni mwa 2011 Safaricom ikaleta Huawei Ideos kwa takriban shilingi elfu nane, na Wakenya wengi wakaingia Android kupitia mlango huo. Prosesa yake ilikuwa na kiini kimoja cha megahezi 528. Mwaka huohuo LG Optimus 2X iliingia sokoni na viini viwili. Mwishoni mwa 2013 kampuni ya MediaTek ya Taiwan ilitangaza chipu ya MT6592 yenye vinane. Miaka mitatu, kutoka kimoja hadi vinane. Kurasa za mtandao hazikupelekewa habari.

Hazikupelekewa kwa sababu lugha inayoziendesha ilizaliwa kabla ya haya yote. Brendan Eich aliiandika JavaScript ya kwanza kwa siku kumi mwezi Mei 1995, akiwa kwenye kampuni ya kivinjari ya Netscape, na akaipa uzi mmoja. Uamuzi huo haukuwa uvivu. Ukurasa ndani ya kivinjari ni mti wa vipande vingi: aya, picha, vitufe, visanduku vya kujaza. Ukiruhusu nyuzi mbili ziuguse mti huo kwa pamoja, huyu anafuta kisanduku wakati yule anaandika ndani yake, na kosa litakalotokea leo halitatokea kesho, wala fundi hataliona akilitafuta. Mwaka 2007, watu walipomtaka aongeze nyuzi kwenye lugha yake, Eich alikataa hadharani na kwa maneno makali. Nadhani alikuwa na haki. Mtandao ulijengwa na watu wengi ambao hawakusomea uhandisi, na huo ndio uliokuwa uzuri wake. Kuwakabidhi nyuzi kungekuwa kuwapa watoto panga ili kazi iishe haraka.

Matokeo yake ni kwamba kila ukurasa una uzi mkuu, na uzi mkuu una mzigo. Ndio unaosoma HTML, maandishi yanayoujenga ukurasa. Ndio unaoamua kila aya iwe na rangi na ukubwa gani, ndio unaopima kila kitu kikae wapi, ndio unaoendesha JavaScript yote ya ukurasa pamoja na ile ya matangazo na ya wale wanaohesabu wageni, na ndio unaopaswa kusikia kidole chako kikigusa kitufe. Yote kwa zamu. JavaScript ikishika zamu kwa sekunde mbili, hayo mengine yanangoja sekunde mbili.

Hapo ndipo wahandisi wa vivinjari walipoingia, na wanachofanya kinaonekana vizuri zaidi kwenye jambo ambalo hakuna anayelifikiria: kusogeza ukurasa kwa kidole. Skrini ya kawaida huchora picha mara 60 kwa sekunde. Kila picha ina takriban milisekunde 16.7 za kuandaliwa. Ikichelewa, jicho linaona mshtuko. Kwenye Ideos na wenziwe, ukurasa mzito ulikwama mkononi kwa sababu kusogeza kulisubiri zamu pamoja na kila kitu. Chrome, iliyofika Android kwa majaribio Februari 2012, ilikuja na mpango tofauti. Uzi mkuu ukishapanga ukurasa, hukabidhi orodha ya michoro kwa uzi wa pili ambao kazi yake ni kuunganisha tabaka na kuzisogeza. Uzi huo wa pili una nyuzi za kuusaidia, zinazokata ukurasa vipande vya mstatili na kuvichora kimoja kimoja, picha zikifunguliwa hukohuko pembeni. Kidole kikiteleza, uzi wa pili hausubiri ruhusa ya mkubwa. Unachukua vipande vilivyokwisha kuchorwa na kuvisukuma juu.

Ndiyo maana ukurasa wa leo unaweza kusogea vizuri huku umekufa. Unausukuma juu na chini, unateleza kama samli, lakini kitufe cha "Endelea" hakijibu. Ukisukuma kwa kasi, unafika mahali peupe patupu, kisha maneno yanajitokeza kwa vipande. Wengi hudhani mtandao umeshindwa kuyaleta. Mara nyingi maneno yamo ndani ya simu tangu mwanzo. Kilichokosekana ni uzi wa kuyapanga au wa kuyachora. Na kitufe hakijibu kwa sababu mguso wake, tofauti na msogezo, lazima uende kwa uzi mkuu, na uzi mkuu uko kwenye matangazo.

Mpango huo ulikuwa na tundu. Ukurasa uliruhusiwa kusema: kabla hujasogeza, niache nikitazame hicho kidole, huenda nikataka kukizuia. Ukisema hivyo, uzi wa pili unarudi kusubiri zamu, na faida yote inapotea. Kurasa nyingi zilisema hivyo bila kukusudia kuzuia chochote. Mwaka 2016 Chrome ikaweka namna ya mtunga ukurasa kuahidi kwamba atatazama tu bila kuzuia. Wachache waliahidi. Mwanzoni mwa 2017 Chrome ikaacha kubembeleza: katika sehemu kubwa ya matukio hayo ikahesabu kwamba ahadi imetolewa, aliyetaka kinyume ajieleze. Kurasa chache ziliharibika, mamilioni zikaanza kuteleza. Mimi sioni kosa. Sehemu kubwa ya historia ya nyuzi katika vivinjari ni hii: mhandisi anamlinda msomaji dhidi ya mwandishi wa ukurasa, na anafanya hivyo kwa kuihamishia kazi ya mwandishi pembeni bila kumwambia.

Kazi nyingine zimehamishwa kimyakimya vivyo hivyo. JavaScript huanza kuchanganuliwa kwenye uzi wa pembeni ikiwa bado inaingia kutoka mtandaoni. Ufagiaji wa kumbukumbu iliyokwisha kutumika, ambao zamani ulisimamisha kila kitu, sasa hufanyika kwa sehemu kubwa pembeni. Mawasiliano na seva yana nyuzi zake. Mtunga ukurasa naye alipewa nyuzi za kwake mwaka 2009, zile ziitwazo Web Workers, kwa sharti moja: zisiuguse ukurasa, ziwasiliane kwa kutumiana ujumbe tu. Sharti lilikuwa la busara na likawafanya wengi wazisahau. Ilipojaribiwa njia ya nyuzi hizo kuandika kwenye kumbukumbu moja, Januari 2018 ikafichuka kasoro ya prosesa iitwayo Spectre, na vivinjari vikaifunga njia hiyo kwa haraka, kwa kuwa mwizi angeweza kuigeuza saa ya kupimia siri za jirani. Ilifunguliwa baadaye, na kufuli.

Je, ile sehemu nzito ya kazi, kupanga na kupima ukurasa, haigawanyiki kweli? Wapo waliojaribu. Mwaka 2010 Leo Meyerovich na Ras Bodik wa Berkeley walionyesha njia za kupanga ukurasa kwa viini vingi sambamba. Mwaka 2013 Qualcomm, ambao biashara yao ni kuuza viini, walionyesha Zoomm, kivinjari cha majaribio kilichosukwa ili kivitumie. Jaribio lililofika mikononi mwa watu lilitoka Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox. Mwaka 2012 walianza mradi wa Servo kwa lugha yao mpya ya Rust, ambayo hukagua programu kabla haijaendeshwa na kuikataa ikikuta nyuzi mbili zinaweza kugombania mahali pamoja bila utaratibu. Walikuwa wamejaribu mara mbili kuigawa kazi ya CSS, ile ya kuamua rangi na ukubwa wa kila kipande, kwa lugha ya C++, na mara mbili wakashindwa. Kwa Rust walifaulu. Novemba 2017 Firefox 57 ilitoka na sehemu ya CSS inayogawa ukurasa kwa viini vyote vilivyopo, uzi uliomaliza kazi yake ukichukua ya mwenziwe aliyelemewa, na mwaka uliofuata ikafika kwenye Firefox ya Android. Agosti 2020 Mozilla ikapunguza wafanyakazi wapatao 250, waliotengeneza Servo wakiwemo. Tuzo ya uvumbuzi huwa na sura nyingi. Mradi wenyewe ulihamia Linux Foundation Novemba ya mwaka huo, na bado u hai.

Hata hivyo, Firefox mpya haikuwa na kasi mara nane kwenye simu ya viini vinane, na haingeweza kuwa. Gene Amdahl wa IBM aliieleza sababu mwaka 1967, kabla hata ya simu ya mkononi. Chukua ukurasa unaotaka sekunde 8 kwenye kiini kimoja, nusu ya kazi yake ikiwa haigawanyiki. Viini vinane vitaushusha hadi sekunde 4.5. Viini mia vitaushusha hadi 4.04. Chini ya sekunde 4 hakuna pesa itakayokufikisha. Mkazi wa Likoni analijua hili bila hesabu ya Amdahl: unaweza kuipanua barabara inayoshuka kivukoni iwe na njia nane, feri ikibaki ni ileile moja utakachopata ni foleni pana zaidi.

Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya simu si ina viini vingapi, bali kiini chake kimoja kina nguvu gani. Hapo boksi hunyamaza. Chipu ya Unisoc SC9863A, ambayo imeingia katika simu nyingi za bei nafuu Afrika, ina viini vinane kweli: vyote vya aina moja, Cortex-A55, vinne vikienda kwa gigahezi 1.6 na vinne kwa 1.2. A55 ilibuniwa na kampuni ya Arm iwe ndogo na isile betri. Huchukua amri kwa mpangilio zilivyokuja, na moja ikikwama zilizo nyuma yake husubiri. Katika simu ya bei kubwa kiini cha aina hii ni msaidizi wa kazi ndogondogo. Huku kwetu ndicho bwana mkubwa, na wenziwe saba ni ndugu zake. Kwa upande mwingine iPhone 6s ya mwaka 2015, ambayo leo inauzwa Mombasa kama ex-UK iliyochoka, ina viini viwili tu, na kwa JavaScript ya uzi mmoja inaviacha nyuma hivyo vinane. Watafiti waliowasilisha kazi yao mwaka 2018 kuhusu simu dhaifu na intaneti walifika palepale: kwa kurasa za mtandao, mwendo wa kiini ulihesabika kuliko idadi.

Jua la pwani nalo lina sehemu yake. Kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma, alasiri ya Mombasa hupita digrii 30 bila shida, na simu isiyo na feni haina pa kutoa joto ila kwa mgongo wake. Ikipata moto inapunguza mwendo wa viini ili isijidhuru. Viini vinane vikifanya kazi pamoja hutoa joto zaidi kuliko kimoja, kwa hiyo siku ambayo kivinjari kinafanikiwa kuvitumia vyote kwenye sitaha ya feri saa nane mchana ndiyo siku simu itakapovipunguza kasi vyote.

Kisha kuna RAM, kumbukumbu ya kazi ya simu, ambayo ndiyo inayowaumiza watu wa Timbwani kuliko idadi ya viini. Usalama wa kivinjari wa leo unategemea kutenganisha kurasa, kila tovuti katika mchakato wake, na kila mchakato una gharama ya kumbukumbu. Chrome ilipoleta utenganisho huo kwenye Android, toleo la 77 la mwaka 2019, iliuweka kwa tovuti ambazo mtu huingiza neno la siri, na kwa simu zenye RAM ya GB 2 au zaidi. Aliyekuwa chini ya hapo aliachwa na ulinzi wa zamani. Wala haikuwa hiana: simu yake isingeweza kuubeba.

Umaskini huo wa kumbukumbu unaonekana wazi zaidi kwenye fomu. Serikali ilifungua eCitizen, tovuti yake ya huduma, mwaka 2014, na katikati ya 2023 ikatangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimehamia humo. Mtu anajaza fomu ndefu ya huduma yoyote ile, anaambiwa namba ya uthibitisho imetumwa kwa SMS, anatoka kwenye kivinjari kwenda kuisoma. Android inaona RAM imejaa, inatafuta wa kumtoa, na inamkuta kivinjari hayuko mbele ya macho. Anarudi na namba yake, ukurasa unajifungua upya, fomu tupu kama ya asubuhi. Bando limeliwa mara mbili. Na kama simu ilichukuliwa kwa Lipa Mdogo Mdogo, mpango wa Safaricom wa kulipia simu kidogo kidogo ulioanza Julai 2020 kwa shilingi 20 kwa siku, hiyo ni simu ambayo mtu bado anailipia huku inamsahau.

Lawama za haya yote hutupiwa mtandao, na mtandao wakati mwingine unastahili. Lakini Mombasa ni mahali pa ajabu pa kuulaumu. Kebo ya TEAMS kutoka Fujairah iliingia hapa mwaka 2009, SEACOM mwaka huohuo, EASSy mwaka 2010, na nyingine zimefuata. Data ya sehemu kubwa ya Afrika Mashariki inapanda nchi kavu ng'ambo tu ya mlango bahari wetu. Inavuka bahari ya Hindi kwa sehemu ya sekunde, kisha inasimama ndani ya simu, kwenye uzi mmoja, ikisubiri maktaba ya JavaScript imalize kuchora kitufe chenye kona za mviringo.

Hiyo maktaba imewekwa na mtu. Kwa kawaida amekaa mbele ya kompyuta ambayo kiini chake kimoja kina nguvu kuliko vinane vya A55 vikijumlishwa kwa kazi hii, kwenye chumba chenye AC, na kwake ukurasa unafunguka papo hapo. Haoni anachokifanya. Machi 2024 Google ilianza kuwapima wenye tovuti kwa kipimo kiitwacho INP: muda unaopita kati ya kidole kugusa na skrini kujibu, ukipimwa kwenye simu za wageni wenyewe. Hadi milisekunde 200 ni vizuri. Zaidi ya 500 ni vibaya, na anayeshindwa anaweza kushuka katika matokeo ya utafutaji. Mwenye duka la mtandaoni ana sababu ya kuogopa hapo, maana mteja aliyechoka anakwenda kwa jirani. Tovuti ya huduma ya umma haina jirani. Fomu ikigoma leo, mwombaji atarudi kesho, na kesho kutwa, na ripoti ya mwisho wa mwezi itaonyesha kwamba idadi ya wageni imepanda.